Toronto Si Cheo

Mtu wa Chepseon akipata viza, swali la kwanza huwa si "utafanya kazi gani?" wala "umejipanga aje?" Swali ni "unaenda wapi?" Na ukijibu "Canada" haitoshi. Canada wapi? Sema Toronto uone watu wanavyotikisa kichwa kwa heshima. Sema Moose Jaw uone kimya. Mzee mmoja atauliza kama huo ni mji ama ni kampuni. Vijana watacheka. Na kwenye kile kicheko, ndugu yangu, ndipo pesa za familia zinapoanza kuungua.

Sitazunguka. Mtu anayetoka nyumbani kwa pesa za majani chai, za ng'ombe na za harambee, kisha anaenda kuanza maisha katika mji ghali kuliko yote ya nchi ile kwa sababu jina lake linasikika vizuri pale steji, huyo anatapanya mali isiyo yake. Mji wa kwanza wa mhamiaji uchaguliwe kwa kodi na kwa kazi. Jina lije mwisho, kama litakuja kabisa.

Najua kuna mtu tayari amekunja uso. Ati mbona nivuke bahari nikaishi kijijini tena? Tulia. Tupige hesabu kwanza, tutukanane baadaye.

Tuanze na Uingereza, kwa sababu serikali yao imeshatufanyia hesabu yenyewe. Kuanzia Januari 2025, mwanafunzi wa kigeni anayeenda kusoma London alitakiwa kuonyesha ana pauni 1,483 za kujikimu kwa kila mwezi, hadi miezi tisa. Anayeenda kusoma nje ya London alitakiwa kuonyesha 1,136. Tofauti ni pauni 347 kwa mwezi. Zidisha kwa tisa upate pauni 3,123, ambazo ni karibu nusu milioni ya shilingi. Hayo si maneno ya mjomba wako kwenye simu. Ni sheria ya viza inayokiri waziwazi kwamba kukaa London peke yake kunakula nusu milioni zaidi, na hapo hujasoma hata ukurasa mmoja wa ziada.

Sasa ilete hiyo nusu milioni nyumbani. Chukua mfano kwamba mkulima mdogo, akijumlisha malipo ya kila mwezi na bonasi, anapata shilingi 40 kwa kilo ya majani mabichi. Nusu milioni ni kilo 12,500. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, hadi kilo elfu kumi na mbili na mia tano, na bado hujamlipa mchumaji, hujanunua mbolea. Na huku kwetu, magharibi mwa Bonde la Ufa, bonasi imekuwa ikibaki nyuma ya ile ya Mlima Kenya. Mwaka 2025 wakulima wa Kericho na Bomet walikasirika mpaka wakaandamana. Hizo ndizo pesa unazotaka kuzimwaga kwa landilodi wa London ili uandike "London" kwenye wasifu wako wa Instagram.

Canada nayo inaeleza jambo lile lile kwa njia nyingine. Tangu tarehe 1 Januari 2024, mwanafunzi wa kigeni anatakiwa kuonyesha pesa za kujikimu mara mbili ya zamani: kutoka dola 10,000 za Canada hadi 20,635 mwaka huo, karo ikiwa kando, na kiwango kimezidi kupanda. Angalia vizuri hapo. Ukiondoa Quebec, yenye utaratibu wake, kiasi hicho ni kimoja, uende Toronto ama uende Moose Jaw. Familia yako itachanga pesa zile zile. Kinachobadilika ni zitadumu miezi mingapi. Mahali pamoja zitakupa chumba chako, mlango wako na meza ya kusomea. Mahali pengine zitakupa godoro kwenye chumba cha chini ya nyumba, watu wanne, choo kimoja, na kabla mwaka haujaisha unapiga simu nyumbani sauti ikiwa imekukauka.

Ujerumani, ambayo Septemba 2024 ilitia saini na Kenya mkataba wa ushirikiano wa uhamiaji na kazi, ndiyo inanishangaza kabisa. Vijana wetu wanaoenda kule kwa mafunzo ya uuguzi hulipwa posho kila mwezi. Katika hospitali za umma zinazofuata mkataba wa pamoja wa mishahara, posho hiyo ni ile ile nchi nzima. Mwanafunzi wa Munich na mwanafunzi wa mji usiojulikana wanapokea karibu sawa. Lakini Munich ndio mji unaosifika Ujerumani nzima kwa kodi ya kukata pumzi. Mshahara mmoja, kodi mbili tofauti, na mtu wetu mwenye akili timamu anachagua Munich kwa sababu aliiona kwenye mpira.

Halafu kuna nchi ambazo zinakulipa, si kwa pesa bali kwa karatasi, ili uende mji mdogo. Australia ina viza ya mafundi na wataalamu wa maeneo ya mikoani, namba 491, iliyoanza Novemba 2019. Inakuongezea pointi 15 kwenye maombi yako, na baada ya kuishi huko miaka mitatu unaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Na "mikoani" kwao ni karibu nchi nzima ukitoa Sydney, Melbourne na Brisbane. Canada ilianzisha mpango wa majaribio wa vijijini na kaskazini mwaka 2019 kwa jumuiya kumi na moja: Thunder Bay, Sudbury, Timmins, Brandon, na ndiyo, Moose Jaw pia. Ulipofungwa, mwaka 2025 ukaja mwingine unaofanana nao, wenye jumuiya kumi na nne. Miji hii inazeeka. Inatafuta watu. Ina kiti kitupu na inakupungia mkono, na wewe unapita na kwenda kusimama kwenye foleni ya Toronto nyuma ya maelfu.

Kwa nini tunafanya hivi? Si ujinga. Vijana wetu wanajua kutumia Google. Shida ni aibu, na aibu hiyo ina watu wanaoilisha.

Wa kwanza ni ajenti. Ofisi yake ina picha ya ghorofa ndefu usiku, taa zinameta. Vyuo vingi vya majuu hulipa kamisheni kwa kila mwanafunzi anayeletwa, kwa hivyo ajenti atakuuzia chuo kinachomlipa, na jina linalouzika ni la mji mkubwa. Kodi utakayolipa si hesabu yake. Yeye biashara yake inaisha ndege ikiruka.

Wa pili ni waliotangulia. Mwenzetu aliyeko kule anaposti akiwa amesimama mbele ya jengo refu, jaketi jipya. Haposti godoro. Hatakuambia kwamba anatoka kazini saa sita usiku na safari ya kurudi ni saa moja na nusu. Simlaumu. Naye alibeba picha hiyo hiyo kutoka nyumbani, na anaona haya kuiangusha.

Wa tatu ni sisi wenyewe tuliobaki. Tunapima mafanikio ya mtoto wa watu kwa jina la mji. Ukweli wa ndani kabisa ni kwamba tunaudharau mji mdogo wa majuu kwa sababu tulishafundishwa kuudharau mji mdogo wa kwetu. Mtoto wa Chepseon akienda Nairobi akiulizwa kwao ni wapi, husema "Kericho". Akibanwa zaidi anasema "ni pale karibu na Londiani". Jina lenyewe linakwama kooni. Sasa mtu aliyetumia miaka kumi kuficha Chepseon, unategemea atatamka Thunder Bay kwa fahari?

Lakini hebu tuitazame Chepseon bila haya. Ni senta kwenye barabara kuu ya Kericho kwenda Nakuru, huko Kipkelion Mashariki. Kuna maduka, bodaboda, chai inayopanda vilima, na mvua ya alasiri inayokuja kama ina saa mkononi. Mwenye duka anakujua kwa jina la baba yako na anaweza kukukopesha unga mpaka mwisho wa mwezi. Ukilala njaa, kuna mtu atajua. Mtu aliyekulia hapa anajua kusalimia kabla ya kuuliza bei. Anajua kungoja gari lisilokuja, kuishi na baridi, na kuelewana na jirani ambaye hakumchagua. Hizo ndizo stadi ambazo mji mdogo wa majuu unahitaji. Mtoto wa Chepseon ana digrii ya kuishi mji mdogo, halafu anaitupa uwanja wa ndege.

Na tusisahau tunaishi mahali ambapo wenyewe palijengwa na wahamiaji waliochagua mji mdogo. Tangu mashamba makubwa ya chai yaanze kupandwa Kericho miaka ya 1920, kwenye ardhi ambayo Wakipsigis na Watalai walinyang'anywa na bado wanaidai, watu walikuja kutoka Kisii, Vihiga, Kakamega na Siaya kutafuta kazi. Wangeweza kwenda Nairobi, na wengi walienda. Lakini waliokuja huku walijua kitu kimoja: mshahara ni mdogo kote, ila huku nyumba ya laini ilitolewa na kampuni. Pesa kidogo bila kodi ni pesa. Kuna watu magharibi ya Kenya waliosomeshwa na mshahara wa kuchuma chai kwa sababu mshahara ule haukupita kwanza kwa landilodi.

Ama tumtazame Puran Singh. Aliletwa Kenya kutoka Punjab akiwa kijana, mwaka 1916, na akaja kuweka karakana yake Kericho, si Nairobi wala Mombasa. Leo mahali alipoishi na kufanya kazi pamesimama gurdwara kubwa ambayo Masingasinga wanafunga safari kutoka pembe zote za dunia kuja kuiona, na wanamtaja kwa jina la mji wetu, "wa Kericho". Alipohamia Uingereza miaka ya 1970, jumuiya aliyoianzisha haikuweka makao London. Iko Birmingham. Jina la mji halikumpa cheo. Ni yeye aliyeupa mji jina.

Wanariadha wetu nao walishatangulia, ila hatuwaoni kama wahamiaji. Mwaka 1978 Henry Rono wa Nandi alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Alikuwa mwanafunzi wa Washington State University, pale Pullman, mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya ngano. Miaka mingi baadaye Bernard Lagat akapitia chuo hicho hicho. Sijawahi kusikia mtu akiwacheka kwa sababu ya Pullman.

Mfano mkubwa kuliko yote, lakini, ni wa majirani zetu Wasomali. Mwaka 2001, familia za wakimbizi waliokuwa wamepelekwa miji mikubwa ya Marekani, Atlanta ikiwemo, walianza kuhamia Lewiston, jimbo la Maine. Hakuna serikali iliyowapeleka. Walituma watu wao kwenda kuangalia kwanza, wakauliza habari za shule, usalama na kodi. Lewiston ulikuwa mji wa viwanda vya nguo vilivyokufa, wenye watu wapatao 36,000, wengi wazungu, baridi ya kuvunja mifupa, na nyumba tupu za bei nafuu. Wazee wale waliuona mji ambao hakuna aliyeutaka, wakasema: hapa.

Haikuwa rahisi. Oktoba 2002 meya wa mji aliandika barua ya wazi akiwaomba Wasomali wapunguze kuja. Januari 2003 kikundi cha wabaguzi wa rangi kikaja kuandamana. Walikuwa watu wachache sana, na siku hiyo hiyo maelfu ya watu wa Maine wakajitokeza upande wa pili wa mji kuwaunga mkono wageni. Maduka ya Wasomali yakafunguka kwenye Lisbon Street, mtaa uliokuwa umefungwa mbao. Mwaka 2015 timu ya soka ya shule ya upili ya Lewiston, iliyojaa watoto wa wakimbizi, ikachukua ubingwa wa jimbo. Wale watoto hawakukulia kwenye mji wenye jina. Walikulia kwenye nyumba ambazo wazazi wao waliweza kuzilipia.

Sasa, sitakuuzia mji mdogo kama ajenti anavyokuuzia Toronto. Kuna mitego, na mtu wa nchi ya chai anapaswa kuitambua kuliko mwingine yeyote.

Mtego wa kwanza ni mji wenye mwajiri mmoja. Sisi tunaijua laini. Nyumba ni ya kampuni, kwa hivyo ukipoteza kazi asubuhi umepoteza kitanda jioni. Mashine za kuchuma chai zilipoingia, waliokuwa wameweka maisha yao yote kwa mwajiri mmoja ndio waliumia kwanza, na hasira ya Mei 2023, mashine zilipochomwa moto, haikutoka hewani. Majuu ni vilevile. Uingereza iliwaita wahudumu wa wazee kwa viza iliyofungwa kwa mwajiri mmoja, wengi wakanyonywa, kisha Julai 2025 mlango wa kuajiri wapya kutoka nje ukafungwa. Mtu aliyekwama kwenye mji mdogo, bosi akiwa ameshika kazi, viza na ufunguo wa nyumba, hajahamia popote. Amehama laini moja kwenda nyingine yenye theluji. Kwa hivyo mji uwe mdogo, sawa, lakini uwe na hospitali, na chuo, na kiwanda. Uwe na mlango wa pili.

Mtego wa pili ni usafiri. Kodi ya chini kwenye mji usio na basi ni uongo, maana utalazimika kununua gari, na gari lina bima, mafuta na matairi ya theluji. Jumlisha hayo kwenye kodi kabla hujashangilia.

Mtego wa tatu ni chuki. Chemnitz, mashariki ya Ujerumani, ina kodi nafuu, na Agosti 2018 watu wa mrengo wa kulia walijaa mitaani wakiwatishia wageni. Bei nzuri haimaanishi majirani wazuri. Uliza kama kuna kanisa au msikiti unaopokea wageni, uliza kama kuna Mwafrika hata mmoja aliyekaa pale miaka mitano bila kukimbia. Mmoja tu aliyekaa ana habari kuliko kumi waliopita.

Na wale wanaosema "nitakosa watu wetu", nawaelewa. Upweke unaua pia. Lakini watu wetu wa Toronto utawaona lini, na wewe una kazi mbili ili kodi itoke? Watu wawili wanaokufahamu na mlango wanaoweza kuugonga Jumapili wanashinda Wakenya elfu moja kwenye kikundi cha WhatsApp. Tena mji mdogo si kifungo cha maisha. Ukishapata karatasi, ukimaliza masomo, ukirudisha pesa za mama, hamia utakako. Nenda Toronto ukiwa na akiba na ujuzi, mji utakupokea kama mteja. Ukienda ukiwa mtupu utakutafuna.

Hii si habari ya mtu mmoja na ndoto yake. Sakata la ufadhili wa masomo la Uasin Gishu, lililolipuka 2023, lilituonyesha pesa hizi hutoka wapi: wazazi walisimama mbele ya kamera wakieleza jinsi walivyouza shamba ama ng'ombe ili mtoto aende Finland au Canada. Mambo ya kesi tuwaachie mahakimu. Lakini sura zile za wazazi tusizisahau, kwa sababu kila anayepanda ndege kutoka huku ana watu kama wale nyuma yake. Mama anayelipa deni la sako. Mdogo wako aliyeambiwa angoje mwaka mmoja kwanza kabla ya kwenda chuo. Hao hawakuchangia ghorofa za Toronto. Walikuchangia wewe usimame.

Kwa hivyo wazee wa kamati, akina mama wa chama, vijana mnaotuma mia mbili mbili kwa M-Pesa: mnayo haki ya kuuliza. Harambee inayofuata pale senta, kabla kapu halijazunguka, mwambieni kijana asimame na ajibu maswali manne mbele ya watu. Kodi ya chumba kwenye mji huo ni ngapi kwa mwezi? Waajiri wanaoweza kumchukua ni wangapi? Kutoka chumbani hadi kazini ni nauli gani, na gari la mwisho ni saa ngapi? Na pesa hizi tunazompa leo zitaisha mwezi gani?

Akiwa na majibu, mpeni, hata kama jina la mji wake linawafanya mcheke. Akijibu tu "Toronto", rudisheni pesa mfukoni mpaka ajue.